Sura ya Tisa: Mwanzi Wenye Namba Kichwa Chini

Mzee Ramdhani Paswan alibadilisha maelezo yake saa mbili na nusu asubuhi, kabla chai ya kituo haijachemka.

Kwa siku mbili alikuwa ameshikilia neno moja: kwamba asubuhi ile Profesa Kukreti alipokufa maji, yeye hakuwa mferejini, na kwamba alikuwa hajakanyaga huko kwa siku kumi na moja. Leo aliomba kutolewa mahabusu, akaketi mbele ya meza ya Inspekta Bimla Negi na blanketi la polisi mabegani, akataka aandikiwe kwamba alikuwepo.

"Ulikuwepo wapi?" Negi aliuliza.

"Pale pale, kwa tembo. Nilishika fito kama siku zote."

"Na profesa aliingiaje majini?"

"Andika utakavyo, Madamu. Mimi nitaweka dole gumba."

Konstebo Tejpal Tomar, ambaye kalamu yake ilikuwa tayari mkononi, alisema mzee amewaonea huruma, jalada litafungwa kabla chapati hazijapoa. Negi akamwambia aiweke kalamu chini.

Miaka ishirini na miwili ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba mtu habadilishi maelezo bure. Amepigwa, au ameahidiwa kitu, au ametishwa. Mzee huyu hakuguswa na mtu, hakutembelewa na mtu, na hakuwa na mtu wa kumtembelea. Tangu jana jioni kitu kimoja tu kilikuwa kipya: Negi alimfungulia kile kitabu akamwonyesha kurasa.

Kilikuwa kitabu kidogo cha vipimo chenye jalada la ngozi, kilichookotwa kwenye jukwaa la matofali kando ya mfereji, chini ya darubini ya profesa. Kwa miaka thelathini na saba, kila asubuhi, Profesa Harbans Kukreti alikwenda pale kupima kama daraja linaloubeba mfereji juu ya mto limetitia. Hakutumwa na mtu. Chuo cha Uhandisi cha Jwalagarh kilikuwa kimemstaafisha miaka kumi na sita iliyopita. Yeye aliketi kwenye darubini; Ramdhani akaisimamisha fito yenye namba miguuni pa tembo wa mawe wa ng'ambo hii, akavuka daraja akaisimamisha miguuni pa tembo wa ng'ambo ile, kisha akairudisha kwa tembo wa kwanza. Namba tatu, kila siku. Na kitabuni zilikuwemo namba za siku zote, pamoja na siku hizo kumi na moja.

Fito haijisimamishi. Kama namba zipo, mshika fito alikuwepo. Na katika ukurasa wa siku ya mwisho, uliolowa umande ukachafuka tope, mbele ya maneno "mshika fito" paliandikwa jina kamili: Ramdhani Paswan. Baada ya jina palikuwa na doa tupu. Negi alikuwa hajamwambia mzee habari ya jina hilo. Alikuwa ameliweka akiba.

Juu ya hayo palikuwa na jeraha nyuma ya kichwa cha marehemu, na palikuwa na ugomvi ambao nusu ya watumishi wa chuo waliusikia. Mkuu wa Polisi wa wilaya alikuwa amepiga simu mara mbili. Gari la mahakama lingeondoka saa nane mchana, na alitaka mzee awemo. Jumatatu chuo kilikuwa kinaadhimisha miaka mia moja na sabini, waziri anakuja, na hakuna aliyetaka maiti ya profesa iendelee kuzungumzwa juu ya mapambo.

"Jana hukwenda, leo ulikwenda," Negi alisema. "Kipi kimekubadilisha?"

Ramdhani alitazama mikono yake. "Uzee," akasema.

Negi aliamuru arudishwe ndani apewe chai ya moto na chapati mbili za figili. Kisha akachukua kitabu, akakifunga katika mfuko wa plastiki, akamwambia Tejpal awashe gari.

*

Ilikuwa likizo ya baridi. Wanafunzi walikuwa wamekwenda kwao wiki tatu zilizopita, na ukungu wa Januari ulikuwa umeingia kuchukua nafasi yao. Barabara ya chuo ilikuwa tupu hadi mwisho. Nyumba ya profesa ilikuwa ya mwisho kabisa, na baada yake ulikuwepo ukuta.

Walikuwa wameipekua mara moja, kwa haraka, wakitafuta barua. Safari hii Negi hakutafuta kitu. Alisimama tu jikoni. Kwenye ubao palikuwa na ndoano sita za vikombe, na kikombe kimoja. Meza ilikuwa na viti viwili. Kimoja kimechakaa, kingine kimebeba magazeti hadi usawa wa kifua. Kopo la majani ya chai lilifunikwa kwa kisahani.

Negi akakiinua kisahani. Majani yalikuwa mazuri, ya milimani, si ya bei ndogo. Mtu anayenunua chai ya namna hiyo hailazi chini ya kisahani wakati wa ukungu, ikavuta unyevu. Alitafuta kifuniko cha kopo nyuma ya jiko, chini ya kabati, ndani ya ndoo ya takataka. Hakukiona. Dirishani palikuwa na bilauri ya mafuta ya taa, na ndani yake brashi nyembamba iliyoyageuza mafuta kuwa mekundu.

"Alikuwa anachora mabango ya sherehe," Tejpal alisema.

"Mabango yako wapi?"

Negi akaenda mlangoni kwenye msumari wa makoti. Maiti ilikutwa na koti, masweta mawili, soksi mbili mbili na kofia ya sufu. Skafu haikuwepo. Msumari nao haukuwa na skafu.

"Mama yako akitoka asubuhi kama hii bila skafu, utamwambiaje?"

"Simwambii kitu, Madamu. Mimi ndiye ninayeambiwa."

"Basi. Mzee wa miaka sabini na minane, koti na masweta mawili, na shingo wazi."

Tejpal alisema labda maji yaliichukua. Negi akamjibu kwamba maji yameacha kofia kichwani, hayawezi kukaa kufungua skafu iliyozungushwa mara tatu.

*

Ukumbi mkuu wa chuo ulijengwa na Waingereza walipohitaji watu wa kuwachimbia mfereji, na tangu mwaka wa kwanza majina ya wahitimu yaliandikwa ukutani kwa rangi ya dhahabu, darasa chini ya darasa, hadi dari. Negi alipita kati ya kuta hizo nyayo zikimrudia masikioni. Wahandisi, wahandisi, wahandisi. Mabwawa, reli na madaraja ya nusu ya nchi yalikuwa ya watu hawa. Hapakuwa na jina la fundi hata mmoja, wala mpishi, wala mshika fito.

Hilo ndilo lililoleta ugomvi. Dk. Mridula Saxena, mkuu wa idara ya uhandisi wa ujenzi, aliusimulia akimenya njugu karibu na hita, shali imefika masikioni. Idara ilikuwa imetayarisha picha kubwa ya profesa na darubini yake kwa ajili ya maonyesho. Ramdhani alikuwa pichani pia, kwa mbali, na fito mkononi. Aliomba kitu kimoja: jina lake liandikwe chini. Profesa alimjibu mbele ya watu kwamba tangu chuo kianze, jina la mshika fito halijawahi kuandikwa, si ukutani, si kitabuni, kwa sababu fito haina jina. Ramdhani aliitwaa fito akaondoka nayo. Hakurudi.

Fito hiyo polisi waliikuta chumbani kwake, ndani ya gunia lililoshonwa.

"Na wewe?" Negi aliuliza. "Nimesikia profesa alikufelisha, akakurudisha mwaka."

Dk. Saxena alicheka, akasema kama kurudishwa mwaka ni sababu ya kuua, polisi itabidi wakodi uwanja wa kriketi. Profesa aliwarudisha mamia. Kisa kilikuwa kile kile: kambi ya vipimo ya Desemba, baridi, uvivu, wanafunzi wanabaki hemani wakinywa chai na kubuni namba. "Kupika," ndivyo walivyoita, na bado wanaita hivyo. Profesa alimtambua aliyepika kabla hajakaa. Aliizungushia hesabu ya mwisho duara jekundu, akakinyanyua kitabu darasa zima lione. Yeye Mridula alichorewa lake akiwa na miaka kumi na tisa, na hadi leo haweki kalamu ya wino mwekundu mezani kwake.

Negi akamsogezea kitabu. Dk. Saxena alivaa glovu akaanza kukifungua kwa heshima, kama mtu anayefungua kitabu cha sala. Alimwonyesha sheria zilizochapwa ukurasa wa kwanza, zile zile tangu enzi za Waingereza. Andika kwa penseli ngumu, ukikandamiza, ili mvua ikiondoa risasi ya penseli, alama ibaki kwenye karatasi. Usifute, kosa lipigwe mstari mmoja, lisomeke.

Kisha akafika kwenye kurasa za mwisho, na mkono ukasimama. Alirudi nyuma ukurasa mmoja. Akaenda mbele. Akazisukuma njugu kando.

"Hiki ni cha nani?"

"Cha profesa. Mwandiko ni wake."

"Mwandiko ni wake," Dk. Saxena alisema polepole.

Alieleza kwa sauti ya darasani, labda kwa sababu hakuwa na nyingine karibu. Namba ya kwanza na ya tatu husomwa mahali pamoja, miguuni pa tembo yule yule. Zingepaswa kulingana. Lakini fito hutikisika, jicho huchoka, kioo hupata ukungu, kwa hiyo hazilingani kamwe. Milimita moja, mbili, tatu. Katika kitabu hiki, siku baada ya siku, ndivyo ilivyokuwa: mbili, moja, tatu, mbili. Halafu, kuanzia siku baada ya ugomvi, sifuri. Siku ya pili, sifuri. Siku kumi, sifuri kumi.

"Sifuri moja ni bahati," alisema. "Sifuri mbili, mwite mwanafunzi ofisini. Sifuri kumi..." Alivua miwani. "Amepika, Inspekta. Yeye."

Negi aliuliza kuhusu siku ya kumi na moja.

Hiyo ilikuwa tofauti. Ilifunga kwa milimita tisa, yaani namba ya kwanza na ya tatu zilipishana kwa tisa. Dk. Saxena alisema hiyo ni namba ya kweli, tena mbaya. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeona haya kuileta. Na pembeni, palipoandikwa saa, palikuwa na jambo jingine la ajabu. Siku zote kazi nzima ilichukua dakika kumi na sita. Zile siku zilizopikwa zilikuwa na dakika kumi na sita kamili, zimenakiliwa. Siku ya mwisho namba ya kwanza ilisomwa saa moja na robo, ya pili saa mbili kasoro dakika kumi, na ya tatu saa mbili na dakika ishirini na tano.

"Saa moja na dakika kumi," Negi alisema. "Kwa kazi ya robo saa."

Dk. Saxena alipomrudishia kitabu alikishikilia kidogo, akauliza kama ni lazima kiende mahakamani. Negi akasema ni kielelezo. Dk. Saxena akasema anajua, ameuliza tu.

*

Jukwaa la matofali lilikuwa bado na darubini yake, chini ya turubai na askari mmoja aliyegandamana na birika. Negi alimtuma Tejpal akasimame kwa tembo wa ng'ambo ile, naye akainamisha jicho kwenye kioo.

Tembo alikuwa ananing'inia kutoka juu, miguu hewani. Chini yake, au juu yake, Tejpal alining'inia kama popo, akijikuna. Negi aliinua kichwa, akatazama tena. Askari wa birika alimwambia zile darubini za kizamani zote ziko hivyo, Madamu, zinaonyesha dunia juu chini; wanafunzi wa siku hizi hawaziwezi, wanatapika.

Aliagiza Tejpal arudi na saa yake. Sasa angefanya kazi ya watu wawili peke yake, na Tejpal ahesabu dakika. Kutoka kwenye darubini hadi kwa tembo wa kwanza. Kuwazia fito, kuisimamisha, kuifunga kwa namna yoyote ile isianguke. Kurudi kwenye darubini kusoma. Kwenda kuifungua. Kuibeba kuvuka daraja. Kuifunga kwa tembo wa pili. Kurudi tena darubini, njia ndefu yote, kusoma namba moja. Kwenda tena. Kuirudisha tena. Kurudi tena.

Ukungu ulikuwa umeshuka upya, mzito kiasi kwamba katikati ya daraja hakuona upande wowote. Alisikia maji chini na viatu vyake mwenyewe, basi. Mahali pale mtu angeweza kuita jina na asiitikiwe.

Aliporudi mara ya mwisho alikuwa anahema. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu na magoti mazima.

"Dakika hamsini na moja tangu usome mara ya kwanza," Tejpal alisema. "Mimi ningekufa njiani."

"Profesa alikuwa na miaka sabini na minane na goti bovu. Mpe saa moja na dakika kumi."

Tejpal alipiga hesabu kwa vidole. Kisha akauliza swali ambalo Negi alikuwa anajiuliza tangu darajani: sawa, alikuwa peke yake, lakini alisimamisha nini? Fito ilikuwa guniani kwa Ramdhani. "Au alishushiwa nyingine kutoka mbinguni?"

Negi alitazama ngazi za mawe miguuni pa tembo wa kwanza. Zilishuka moja kwa moja majini, zimeota mwani wa kijani, na ya tatu ilikuwa na ukingo mkali. Kitu kilichoanguka hapa kingekwenda kule mwili ulikokwenda, nusu kilomita, kwenye wavu wa chuma wa lango la maji.

Mlinzi wa lango, Nathu, aliwakuta wao kabla wao hawajamkuta. Alikuwa anaanika nguo, ingawa hakuna nguo ambayo ingekauka leo, na alikuwa ameizungusha shingoni skafu ya sufu ya rangi ya kahawia, mara tatu.

"Skafu nzuri," Negi alisema.

Nathu akaishika. Alianza kwa kusema ni ya shemeji yake. Tejpal akamuuliza shemeji yupi, yule wa mjini au yule aliyekufa maji juzi. Hapo Nathu akaeleza yote bila kupumua. Hakumvua maiti, na aape kwa Mama Ganga, mto mtakatifu. Skafu ilikuja na mwanzi. Mwanzi ulikwama kwenye wavu asubuhi ile ile, na skafu imefungwa kwake kwa fundo ambalo maji yalilikaza hata akalifungua kwa meno, siku nzima. Polisi waliuliza habari za mtu, hawakuuliza habari za mwanzi.

"Uko wapi?"

Nathu akaelekeza kidole juu. Ulikuwa umebeba kamba yake ya nguo.

Waliushusha, suruali zikaanguka. Ulikuwa mwanzi mrefu kuliko mtu, umepasuliwa ukasawazishwa upande mmoja, na upande huo ulichorwa mistari na namba nyekundu kutoka chini hadi juu. Namba zote zilikuwa kichwa chini. Tejpal alicheka akasema aliyezipaka alikuwa amelewa, au alikuwa amening'inizwa. Nathu alisema yeye alidhani ni mti wa kupambia harusi.

Negi hakucheka. Alikuwa amemwona Tejpal akining'inia kama popo zaidi ya saa moja iliyopita. Mtu wa kawaida akipaka namba, huzipaka zisomeke. Huyu alizipaka kichwa chini kwa sababu angezisoma kupitia kioo kimoja tu duniani, na ndani ya kioo hicho zingesimama wima.

Akaugeuza mwanzi atazame mwisho wake wa chini. Ili ukae sawa juu ya jiwe, mtu alikuwa amepigilia misumari midogo minne kwenye kifuniko cha kopo la chai.

*

Saa saba na nusu Negi alikuwa mezani kwake, pazia limefungwa. Ukurasa wa mwisho wa kitabu ulikuwa umekauka tangu jana. Aliulaza, akawasha tochi, akaishusha hadi mwanga ukawa unateleza juu ya karatasi badala ya kuipiga. Penseli ngumu, ukikandamiza. Pale palipokuwa na doa, baada ya jina, palionekana kovu la herufi. Alilisoma mara tatu, akalinakili, akamwita Tejpal alisome bila kumwambia yeye amesoma nini. Likawa neno lile lile.

Kisha akaagiza Ramdhani aletwe.

Mwanzi ulikuwa mezani. Mzee aliuona kabla hajaketi, na hakuketi. Aliupitishia kidole namba moja moja, juu hadi chini, midomo ikicheza.

"Nne hii imepinda," alisema mwishowe. "Profesa Sahib hana mkono wa rangi. Nilimwambia zamani."

"Alikuwa peke yake, mzee," Negi alisema. "Aliutengeneza mwenyewe, akaufunga kwa tembo kwa skafu yake, akaenda na kurudi, kwenda na kurudi. Alipomaliza akaenda kuuchukua, akateleza ngazini, kichwa kikagonga ukingo. Hakuna aliyemsukuma. Hukuwepo."

Ramdhani aliketi.

"Jana nilikuonyesha kitabu. Uliona sifuri."

"Najua namba tu, Madamu. Herufi sijui."

"Ukaona kama ukisema ukweli, kwamba hukwenda, watu watauliza namba za siku kumi zilitoka wapi."

Mzee alivuta blanketi. Alizungumza kwa muda mrefu kwa sauti ya chini, kama anayemweleza mtu kazi. Alisema yeye ni mshika fito, kwa hiyo aliona nyuso ambazo Sahib hakuziona: watoto wa watu, wakitoka darasani na duara jekundu, wengine wakitapika nyuma ya ghala la vifaa. Sahib hakumsamehe hata mmoja. Sasa wao ndio wakubwa wa chuo. Jumatatu watakaa ukumbini chini ya majina yao ya dhahabu, na watasema Kukreti naye alipika. Kifungo kwa mtu wa umri wake ni miaka michache tu, halafu kufa. Neno lile halifi.

"Kwa hiyo ulitaka kufungwa."

"Alikuwa hana mtu wa kumshikia. Mimi ndiye niliyeondoka na fito."

Tejpal, kwenye kona, alikuwa ameacha kutafuna. Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro dakika tano. Gari la mahakama lilikuwa limefika uani, injini ilisikika.

"Kitabu kitakwenda kama kilivyo," Negi alisema. "Kurasa zote. Sheria ya kwenu inasema hakifutwi, na ya kwangu inasema hivyo hivyo. Lakini kuna ukurasa ambao hukuusoma." Akaugeuza kuelekea kwake, akaweka kidole. "Hapa ndipo pa mshika fito. Miaka yote pana mstari mtupu. Siku kumi zile, mstari mtupu. Siku ya mwisho ameandika."

"Ameandika nini?"

"Ramdhani Paswan."

Mzee aliinama hadi pua ikakaribia karatasi. Alizitazama herufi kama mtu anavyotazama nyumba ya mtu mwingine.

"Yote mawili? Na Paswan?"

"Yote mawili."

"Na hili doa?"

"Neno moja. Umande umeliosha, lakini alikandamiza. Linasema: hayupo."

Dereva alipiga honi uani. Negi alimfanyia Tejpal ishara kwa kidevu, naye akatoka. Walisikia mazungumzo mafupi, kicheko cha Tejpal kisichokuwa na furaha, kisha mlango wa gari, kisha gari likaondoka na nafasi moja tupu.

Ramdhani alikuwa bado ameinama. Kidole chake kilikuwa kimeacha herufi, kimehamia kwenye safu ya namba, mahali alipopajua.

"Ilifunga ngapi, Madamu? Macho yangu."

"Tisa."

Alitikisa kichwa taratibu, akautazama mwanzi, kifuniko cha chai, ile nne iliyopinda.

"Mwanzi huu unayumba," alisema. "Ningeshika mimi, ingekuwa mbili."